Tumeshinda 4-1 mechi ya maandalizi, lakini benchi letu bado: tuhesabu wanaohama, tusihesabu majina

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Juzi tumecheza mechi yetu ya kwanza ya maandalizi ya msimu na tumeshinda 4-1. Kikosi cha kwanza kilienda mapumziko kikiwa 1-1. Kipindi cha pili mwalimu akaingiza tisa kwa mpigo, wakabaki wawili tu walioanza, beki wa kati wa kulia na winga wa kushoto, na hao walioingia wakapachika matatu. Tangu hapo kauli ni moja kila kona: mwaka huu tuna vikosi viwili.

Mimi hukaa karibu na benchi la ufundi na daftari, naandika kinachotokea uwanjani. Jina la timu naliacha kwa sababu mwalimu hajafunga orodha yake, na wachezaji ninaowazungumzia bado wanapigania nafasi. Ila jambo lenyewe linaniuma, na dirisha la usajili likishafungwa halifunguki kwa kilio. Hatuna vikosi viwili. Tuna kikosi kimoja na nusu, na ile nusu inayokosekana iko sehemu mbaya kuliko zote, katikati ya uwanja.

Tuanze na hayo magoli. La pili lilikuwa penalti, beki wao kaunawa mpira wakati hakuna mtu aliyemsumbua. La tatu na la nne yalikuja baada ya dakika ya 68, wapinzani walipotoa safu yao yote ya ulinzi na kuingiza vijana ambao walikuwa wanaoneshana kwa vidole nani amkabe nani. Vijana wetu walikimbia vizuri, wapewe haki yao. Lakini ukilipima benchi lako kwa benchi la mwenzako, mizani haikuambii lipi kati ya hayo mawili lilikuwa zito na lipi lilikuwa jepesi.

Kwenye mpira wa Kimarekani kuna mfano ambao sijausahau. Mwaka 2008 Detroit Lions walishinda mechi zao zote nne za maandalizi. Msimu ulipoanza wakapoteza zote 16. Mwaka 2017 Cleveland Browns wakapita njia ileile: nne kwa nne kwenye maandalizi, kisha 16 bila ushindi hata mmoja. Kule dakika nyingi za maandalizi huchezwa na watu wanaogombea kubaki kwenye orodha, kwa hiyo matokeo yanakueleza habari za watu ambao utawaona kidogo sana msimu ukianza. Sisi tuna tatizo hilohilo, tofauti ni umbo la mpira tu.

Sasa kina cha kikosi ni nini? Wengi wetu huchukua karatasi, wanaandika majina 11, chini yake wanaandika mengine 11, na kila nafasi ikishapata jina wanalala usingizi. Mimi nafanya hesabu nyingine. Namtoa mchezaji mmoja kichwani, halafu nauliza: wangapi watahama? Akitoka beki wa kulia akaingia beki wa kulia mwingine, hakuna aliyehama. Akitoka beki wa kati, kiungo akarudishwa nyuma kuziba, winga akaingizwa ndani kuziba pengo la kiungo, hapo umeumia mmoja lakini umevuruga sehemu tatu. Timu haifi kwa yule aliyeumia. Inakufa kwa wale waliohamishwa.

Aliyefuatilia Liverpool ya msimu wa 2020/21 ananielewa. Kiangazi kile walimuuza Lovren kwenda Zenit na hawakuleta beki wa kati badala yake. Kwenye karatasi walikuwa wamebaki na watatu wa maana, Van Dijk, Gomez na Matip. Tarehe 17 Oktoba Van Dijk akaumia goti dhidi ya Everton. Novemba Gomez akaumia akiwa mazoezini na timu ya taifa ya Uingereza. Mwisho wa Januari Matip naye akaumia. Fabinho, aliyekuwa mkata umeme wao, yaani kiungo wa kukaba, akarudishwa beki wa kati. Kisha kiungo mwenzake Henderson naye akarudishwa. Watu walisema tatizo ni ulinzi, lakini angalia kilichotokea: safu ya kiungo iliyoifanya timu ile iwakabe watu juu ikaondolewa yote kwenda kuzima moto nyuma. Washambuliaji wakawa wanapokea mpira wakiwa wamelipa mgongo goli la wapinzani. Wakafungwa mechi sita mfululizo za ligi Anfield, uwanja ambao kabla ya hapo ulikuwa haugusiki.

Sehemu ninayoipenda zaidi ya kisa hicho ni mwisho wake. Fabinho aliporudi kwenye nafasi yake, nyuma wakasimama Nat Phillips na vijana wenzake, mabeki ambao kwa kipaji hawamfikii yeye. Timu ikapona. Siku ya mwisho waliifunga Crystal Palace 2-0, Phillips na Rhys Williams wakiwa mabeki wa kati, wakamaliza wa tatu. Beki wa kawaida kwenye nafasi yake aliisaidia timu kuliko kiungo wa dunia kwenye nafasi isiyo yake.

Turudi kwetu. Dakika ya 63. Beki wetu wa kushoto ana mpira karibu na mstari, hana haraka, anamtafuta namba 6, yaani kiungo wa kukaba, aliyeingia kipindi cha pili. Namba 6 amesimama nyuma ya straika wao, kivulini kabisa. Hatua mbili tu kulia angeonekana. Hakuzipiga. Beki akasubiri, akasubiri, akapiga mrefu, mpira ukapotea. Dakika ya 66 hivyohivyo. Dakika ya 71 mara hii pasi ikamfika, na hapo ndipo nilipochora mstari mwekundu daftarini: aliupokea akiwa ameelekea goli letu, akaurudisha palepale ulikotoka kwa mguso mmoja. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya kugeuka na kunywa chai. Hakujua, kwa kuwa hakuwa ameangalia kabla mpira haujafika.

Namba 6 wetu wa kwanza, kabla hajapokea, shingo yake inazunguka mara mbili, kushoto na kulia. Ndiyo maana timu nzima huwa inaonekana imetulia. Bila yeye, ndani ya nusu saa mabeki wetu waliacha kabisa kupitia katikati. Hakuna aliyewaambia waache. Waliona wenyewe kwamba mlango umefungwa.

Na hilo halikuonekana kwa sababu mipira mirefu iliangukia ulinzi wa vijana wasiojuana, tukafunga. Mbele ya mabeki wazoefu mipira ileile inarudi kichwani mwetu.

Jambo la pili ni kipa wa akiba. Uwanja ulikuwa na watu wachache, na hii ndiyo faida kubwa ya mechi hizi: unasikia sauti. Kipa wa kwanza nilimsikia kipindi kizima, "toka", "wangu", "nyuma yako". Huyu wa pili aliokoa shuti moja zuri sana na watu wakampigia makofi. Lakini dakika ya 77 ikapigwa kona, mpira ukapita hatua tano mbele ya mstari wa goli, ukakatiza mwisho hadi mwisho, hakuna aliyeugusa na hakuna aliyepaza sauti. Ukatoka nje. Kwa kuwa haikuwa goli, nimewauliza watu sita na hakuna anayeikumbuka kona ile.

Ushambuliaji sina wasiwasi. Mastraika watatu wanaofanana vya kutosha, akitoka mmoja akiingia mwingine hakuna anayehama. Beki wa kulia wa pili ni mzuri, anapanda na kushuka, anajua lini asipande. Beki wa kati wa kushoto wa akiba ana kasoro moja ndogo ambayo itakua: anatumia mguu wa kulia tu, kwa hiyo kila akipokea anafunga mwili kuelekea ndani, na pasi kwa beki wa kushoto inafika nyuma ya mtu badala ya mbele yake. Mazoezi yanapunguza hilo. Namba 6 ndiyo hoja yangu, na wanaopiga kelele tusajili straika wa nne naomba wanielewe.

#2 – Mdau

Mkuu, unalia na ushindi? Real Madrid 2023/24 kipa aliumia, mabeki wa kati wawili waliumia, wakabeba ligi na kombe la Ulaya. Moyo wa timu ndio kina.

#3 – Mleta uzi

Mkuu, umenichagulia mfano mzuri kuliko wangu, ngoja niutumie. Kipa Courtois na beki Militão waliumia goti Agosti 2023, siku mbili tu zikiwa katikati yao. Desemba akafuata beki Alaba. Sasa fanya ile hesabu ya wanaohama. Golini wakamleta Kepa kwa mkopo, lakini aliyeichukua nafasi mwishowe ni Lunin, aliyekuwa mali ya klabu tangu 2018, kipa kwa kipa, hakuna aliyehama. Ni yeye aliyeokoa penalti mbili pale Manchester kwenye robo fainali. Beki wa kati akaingia Nacho, amekulia klabuni humo, beki kwa beki. Kiungo Tchouaméni alirudishwa nyuma mara kadhaa, ni kweli, lakini katikati bado walikuwepo viungo wengine wa nafasi hiyo waliozoea kazi, kwa hiyo tundu halikupanuka. Fainali ya Wembley dhidi ya Dortmund walisimama Rüdiger na Nacho, wakashinda 2-0.

Halafu Joselu. Yuko kwa mkopo kutoka Espanyol, anaingia dakika ya 81 dhidi ya Bayern timu ikiwa nyuma, anafunga dakika ya 88 na tena dakika za majeruhi. Moyo ulikuwepo, sikatai. Lakini walikuwa na namba 9 halisi, straika wa kati, benchini kwa siku ambayo wanahitaji namba 9 halisi. Huo ni mpango wa mtu aliyekaa kiangazi akauliza maswali haya ninayoyauliza mimi.

Na ukitaka upande wa pili, Manchester City. Rodri, namba 6 wao, aliumia goti Septemba 2024 dhidi ya Arsenal. Timu iliyokuwa imetwaa ligi misimu minne mfululizo ikafika mahali ikashinda mechi moja tu kati ya 13. Wachezaji wa kiungo walikuwa wamejaa pale, majina makubwa yote. Wa kufanya kazi ile hakuwepo. Wakamaliza wa tatu.

#4 – Mdau

Nakubali kuhusu 6. Ila kwa nini asichukuliwe namba 8 wetu, kiungo anayepanda kushambulia, akafundishwa kukaba? Tuna kiraka pale, anacheza popote, tunaokoa pesa ya usajili.

#5 – Mleta uzi

Nilikuwa namsubiri mtu wa kuuliza hili, maana hata ndani ya benchi la ufundi limezungumzwa.

Kiraka ni mtu wa thamani na ninampenda. Tatizo ni kwamba kwenye karatasi anaandikwa mara nne: akiba wa 6, akiba wa 8, akiba wa beki wa kulia, akiba wa winga. Ukisoma karatasi unaona watu wanne, ukiita majina anasimama mmoja. Siku wakiumia wawili pamoja, na msimu mrefu siku hiyo lazima ifike, ndipo unagundua umemtumia mtu mmoja kuziba mashimo manne.

Halafu namba 8 wetu ndiye anayefika kwenye boksi kwa kuchelewa, magoli yake ni ya namna hiyo. Ukimrudisha 6 hapati ruhusa ya kwenda huko. Kwa hiyo akiumia 6, tumepoteza utulivu wa nyuma na tumepoteza magoli ya 8, kwa jeraha moja. Hii ndiyo Fabinho yetu, naiona inakuja.

Kama pesa ya usajili hakuna, ninachokitaka ni kimoja: yule kijana aliyeingia kipindi cha pili apewe mechi mbili za maandalizi akizungukwa na wachezaji wa kikosi cha kwanza. Hilo nalo juzi lilinikera. Tumemwingiza yeye na wenzake wanane kwa wakati mmoja, halafu tunamhukumu. Mechi ya ligi hakuna siku utakayoingiza tisa. Ataingia peke yake, kati ya watu kumi wanaojuana, na swali ni kama ataingia kwenye mwendo wao. Juzi hatukulijaribu hilo hata dakika moja.

#6 – Mdau

Nimefundisha vijana miaka mingi, naomba kuongeza kitu ambacho mleta uzi hajakigusa. Yule winga mdogo aliyeingia dakika 20 za mwisho, kila mtu anamsifia chenga zake. Mimi nilimtazama baada ya kupoteza mpira. Mara ya kwanza aliinamisha kichwa, akamtazama mwamuzi. Mara ya pili aligeuka akamkimbiza yule aliyemnyang'anya mpaka nusu yetu, akautoa nje. Katikati ya mara hizo mbili kapteni aliyekuwa ameshatolewa alimwita kutoka pembeni akamwambia maneno machache. Kijana anayesikia jambo na kulifanya ndani ya dakika tano, huyo ni akiba wa kweli. Chenga mbele ya miguu iliyochoka hazinipi habari yoyote.

#7 – Mleta uzi

Nashukuru sana. Nilikuwa nimeandika "winga, chenga nzuri" tu, na hilo la kumkimbiza mtu mpaka nyuma lilinipita. Nimelirudia kwenye video jana usiku, liko vilevile ulivyosema, dakika ya 82, na sauti ya kapteni inasikika kabisa.

Umenikumbusha pia kwamba nafasi si kitu pekee cha kuhesabu. Kuna kazi. Kapteni alipotoka, aliondoka mtu anayelinda mlingoti wa kwanza kwenye kona, anayepanga ukuta wa faulo, na anayemtuliza mwenzake akikosea. Aliyeingia alijaza nafasi ya kapteni, hizo kazi tatu zikabaki hazina mwenyewe. Mpiga kona wetu wa mguu wa kushoto naye alipotoka hakubaki hata mmoja anayeutumia mguu huo kwenye mipira iliyokufa (kona na faulo), kona zote za kipindi cha pili zilikuja kwa mkunjo mmoja. Mpinzani makini anaona hilo kwa kona mbili tu.

#8 – Mdau

Lakini zamani timu zilishinda ligi na watu wachache. Aston Villa 1980/81 walitumia wachezaji 14 msimu mzima. Haya mambo ya kina tumeyatengeneza wenyewe.

#9 – Mleta uzi

Ni kweli kabisa, 14 kwenye mechi 42 za ligi, na ni jambo la kuvuliwa kofia. Lakini wakati ule kwenye ligi ya Uingereza aliruhusiwa akiba mmoja tu kwa mechi. Wapinzani wako nao walikuwa wanamaliza na watu wale wale walioanza, wote mmechoka pamoja. Tangu mabadiliko matano yaruhusiwe kwa dharura mwaka 2020, na kuingizwa rasmi kwenye sheria mwaka 2022, mwenzako anaweza kubadilisha nusu ya wachezaji wake wa ndani dakika ya 60. Beki wako aliyekimbia saa nzima anakutana na winga mwenye miguu mipya. Usipokuwa na cha kujibu, dakika 30 za mwisho unazicheza ukiwa umeinama. Zaidi ya hapo mabadiliko yanafanyika kwa vituo vitatu tu ukiacha mapumziko, kwa hiyo hata kuwaingiza kunahitaji mpango: nani na nani waingie pamoja, wakiwa wameshacheza pamoja.

Ndiyo maana sitaki kuona tena tisa kwa mpigo. Nimemwandikia mwalimu ombi hilo, na nimemwonesha zile dakika ya 63, 66 na 71.

#10 – Mleta uzi (mrejesho)

Wakuu, nimerudi. Mechi ya pili ya maandalizi imeisha 0-0 na mtaani watu wamenuna.

Mwalimu alimwanzisha yule namba 6 wa pili, nyuma yake mabeki wa kati wote wawili wa kikosi cha kwanza, mbele yake namba 8 wetu kwenye nafasi yake. Robo saa ya kwanza ilikuwa ileile, anajificha kivulini. Dakika ya 17 beki wa kati wa kulia akasimamisha mpira chini ya mguu, akamnyooshea mkono aonekane, akagoma kabisa kupiga mrefu mpaka asogee. Akasogea. Akapokea, akarudisha. Dakika ya 24 nikaiona shingo inazunguka, mara moja, kushoto. Akapokea mwili ukiwa wazi, akageuka, akampenyezea namba 8 pasi iliyovunja mistari miwili. Hatukufunga, kipa wao aliutoa kwa mguu. Benchi zima tulisimama.

Baada ya hapo aligeuka mara nne zaidi na kupoteza mara mbili, moja ikiwa mahali pabaya sana. Bado si mtu wa kumpa mechi kubwa peke yake. Lakini alipotolewa dakika ya 70 alikwenda moja kwa moja kukaa pembeni ya namba 6 wa kwanza, na mpaka filimbi ya mwisho walikuwa wanaoneshana uwanjani kwa mkono, huyu anaelekeza, yule anatikisa kichwa.

Kipa wa pili naye amecheza kipindi cha pili. Kona tatu. Nimesikia "wangu" mara mbili.